Shajara ya mradi: seli ya beta inajuaje kuwa sukari imepanda?

Siku ya 1

Swali ni la dada yangu mkubwa, na ndilo lililoanzisha kazi hii. Ana kisukari cha aina ya 2, na amekaa nacho miaka kadhaa. Juzi alikuwa ameshika kipimo chake, tone la damu limeshafyonzwa kwenye ukanda, tunasubiri namba itokee, akaniuliza: "Mdogo wangu, hiki kipimo kinajua sukari yangu kwa sababu kimetengenezwa kijue. Kongosho nalo linajuaje?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikakwama. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Baiolojia naisoma kwa mapenzi tu. Ningeweza kumwambia kwamba sukari ikipanda kongosho hutoa insulini, lakini hilo analijua kuliko mimi. Yeye hakuuliza linafanya nini. Aliuliza linajuaje.

Kwa hiyo nimeamua kujenga seli moja ya beta, yaani seli ya kongosho inayotoa insulini, ndani ya kompyuta, kwa milinganyo. Upande mmoja naingiza glukosi, upande wa pili inatoka insulini, na kila hatua ya katikati nataka niione kwa macho. Nitaandika hapa nilipofika na nilipokosea. Ieleweke tangu leo kwamba hii ni seli ya kwenye kompyuta. Haitibu mtu na haibadilishi dozi ya mtu.

Siku ya 2

Leo sijaandika msimbo wowote. Nimekusanya namba za kuanzia.

Seli za beta hukaa kwenye vijisiwa vilivyotawanyika ndani ya kongosho, ambavyo Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi. Mtu mzima anavyo kama milioni moja au zaidi, na bado vyote kwa pamoja havizidi asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa kongosho. Sehemu kubwa iliyobaki hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula.

Halafu nikapiga hesabu iliyonifanya nisimame kidogo. Damu ya mtu mzima ni kama lita 5. Sukari ya kawaida kabla ya kula ni kama milimoli 5 kwa lita. Zidisha, upate milimoli 25. Zidisha kwa gramu 180 za moli moja ya glukosi, upate gramu 4.5. Yaani sukari yote inayozunguka kwenye damu ya mtu mwenye afya, kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, inaenea kwenye kijiko kimoja cha chai. Ikifika milimoli 7 kabla ya kula, na kipimo kikirudiwa kikatoa jibu hilohilo, tayari ni kisukari. Tofauti ya 5 na 7 kwenye damu yote ni gramu 1.8. Seli inayoweza kuhisi tofauti ndogo hivyo, saa zote, usiku na mchana, inastahili kuheshimiwa.

Siku ya 5

Kosa la kwanza, na limenifundisha.

Glukosi huingia kwenye seli ya beta bila vikwazo vikubwa. Vibebeo kwenye utando huipitisha upesi, kiasi kwamba kilichopo nje karibu ndicho kilichopo ndani. Ikishaingia, kimeng'enya kimoja huibandika fosfeti, na kuanzia hapo haitoki tena. Nikaweka heksokinasi, kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kwenye ubongo na misuli. Nikaendesha programu nikiongeza sukari kutoka 4 hadi 16. Mstari ukalala kama kamba iliyovutwa. Sukari ikiwa 4, kasi ni asilimia 99 ya uwezo wote. Ikiwa 10, asilimia 99 na ushei. Seli yangu ilikuwa imeshiba tangu mwanzo, haioni tofauti ya njaa na karamu.

Nikarudi vitabuni. Seli ya beta hutumia ndugu wa kimeng'enya hicho, glukokinasi. Huyu ni mvivu kwa makusudi. Hufikia nusu ya kasi yake sukari ikiwa kama milimoli 8, mkunjo wake umepinda kidogo chini, na hazuiliwi na kile anachokizalisha. Nikabadilisha mstari mmoja wa msimbo. Sasa sukari ikiwa 4, kasi ni asilimia 24. Ikiwa 10, asilimia 59. Ikiwa 16, asilimia 76. Mkunjo umepanda palepale ambapo maisha ya mtu yanapita, kati ya kufunga na kushiba.

Franz Matschinsky ndiye aliyependekeza mwaka 1968 kwamba glukokinasi ndiyo inayopima sukari kwenye seli hizi, na mwaka 1992 ikathibitika kwamba mtu akirithi nakala moja mbovu ya jeni yake, sukari yake hukaa juu kidogo tangu kuzaliwa, bila kupanda sana na mara nyingi bila kuhitaji dawa. Ni kama mizani ambayo sifuri yake imesogezwa.

Kwa furaha nikadhani nimeshapata jibu la dada. Bado. Glukokinasi inaamua ni glukosi ngapi zipite mlangoni kwa sekunde. Seli bado haijui chochote. Namba ipo, lakini hakuna aliyeisoma.

Siku ya 9

Siku nne niko ndani ya mitokondria, vile vijumba vya ndani ya seli vinavyochoma chakula, na sitaki kutoka.

Glukosi moja ikikatwa hutoa piruvati mbili. Kwenye msuli unaokimbia kwa nguvu, piruvati nyingi hugeuzwa laktati na kutolewa nje. Seli ya beta imeifunga karibu kabisa njia hiyo ya mkato: kimeng'enya cha kutengeneza laktati ni kidogo mno ndani yake. Kibebeo cha kupitisha laktati na piruvati kwenye utando wa nje nacho karibu hakipo. Maana yake piruvati haina pa kukimbilia. Lazima iingie mitokondria, kupitia kibebeo ambacho jeni zake zilitambuliwa mwaka 2012 tu, ingawa watu walijua kwa miaka mingi kwamba lazima kiwepo.

Ndani, karibu nusu ya piruvati huchukua njia ya kawaida ya kuchomwa kwenye mzunguko wa Krebs, mfululizo wa hatua za kikemikali unaorudi ulipoanzia. Nusu nyingine hutumika kuujaza mzunguko wenyewe. Hilo la pili limenishangaza, kwa kuwa seli hii haigawanyiki wala haikui kwa kasi. Ya nini kuongeza vifaa kiwandani? Nimeliwekea alama. Nahisi litarudi.

Mzunguko hukamua elektroni na kuzipakia kwenye NADH, molekuli inayozibeba. Elektroni hizo hushuka kwenye mnyororo wa protini uliopo kwenye utando wa ndani hadi kwa oksijeni, na kila zinaposhuka, protoni husukumwa nje ya utando. Ndiyo hoja aliyoileta Peter Mitchell mwaka 1961, wengi wakaikataa, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Protoni zilizorundikana nje hutengeneza umeme wa kama milivolti 150 kwenye utando wenye unene wa nanomita 5 hivi. Gawanya uone: volti milioni 30 kwa mita. Kwenye seli ya beta, umeme huo huongezeka unapoingiza sukari.

Protoni hurudi ndani kwa kupitia kinu kimoja tu chenye gurudumu. Kwa wanyama wa jamii yetu gurudumu hilo lina vipande 8, kila kipande hubeba protoni 1, na kila mzunguko mzima hutoa molekuli 3 za ATP, ile inayobeba nishati ya seli. Nilichora gurudumu hilo kwenye karatasi nikalizungusha kwa penseli, kipande kwa kipande, nikihesabu kwa sauti. Sioni aibu kusema kwamba nilifanya hivyo mara kadhaa.

Sasa lile ambalo nataka kulisema wazi, kwa sababu shuleni hatulisemi. Tunawafundisha watoto kwamba mitokondria ni kiwanda cha nishati. Ni kweli, na kwa msuli inatosha. Msuli ukifanya kazi hutumia ATP, ADP (ATP iliyokwisha kutumika) huongezeka, na mitokondria hukimbia ili kujaza pengo. Anayeshika hatamu ni mahitaji. Kwenye seli ya beta hatamu zimeshikwa upande wa pili. Sukari ikiingia zaidi, mitokondria hulazimika kuchoma zaidi, seli itake isitake, na ATP hupanda. Hapa ATP si mshahara tu. Ni habari.

Kwenye msimbo tofauti hii ilikuwa alama moja ya mshale. Kwa wiki nzima nilikuwa nimeuelekeza kinyume.

Siku ya 10

Fupi. Nimekumbuka kipimo cha dada na nikasoma kinavyofanya kazi. Kwenye ule ukanda kuna kimeng'enya kinachoiunguza glukosi, yaani kuichopoa elektroni. Kifaa hupima mkondo wa elektroni hizo, kisha huugeuza kuwa namba.

Ni jambo lilelile. Kipimo na seli ya beta, hakuna hata kimoja kinachoiona sukari. Vyote viwili huijua kwa kuichoma na kuhesabu elektroni zinazotoka. Nimemwandikia dada ujumbe saa hiyohiyo. Akajibu: "Kwa hiyo mimi naomba ukanda mpya wa ndani."

Sikumjibu mara moja. Nilikaa na sentensi hiyo muda mrefu.

Siku ya 14

Nimekwama vibaya.

Hatua inayofuata inajulikana tangu mwaka 1984. Kwenye utando wa seli ya beta kuna milango inayoruhusu potasiamu itoke, na kadiri potasiamu inavyotoka, ndani ya seli hubaki na chaji hasi, kama milivolti 70 chini ya sifuri. Seli imelala. ATP inaufunga mlango huo kwa kuushika kutoka ndani. Milango ikifungwa, chaji hasi hupungua, seli huamka. Mlango wenyewe umejengwa kwa vipande 8: vinne vya kati ndivyo tundu, na vinne vya pembeni ndivyo vinavyoulinda na kupokea amri.

Nikaweka namba za maabara. Ukikata kipande cha utando na kukiogesha kwenye ATP, nusu ya milango hufungwa kwa mikromoli 10 hadi 20 tu. Nikachukua 15. Lakini ATP ndani ya seli ni kama mara mia mbili ya namba hiyo: milimoli kadhaa, tuseme mikromoli 3,000. Piga hesabu: iliyobaki wazi ni nusu asilimia. Weka sukari 3, nusu asilimia. Weka sukari 15, karibu nusu asilimia ileile. Seli yangu haipati usingizi hata siku moja. Inamwaga insulini kwa aliyefunga na kwa aliyeshiba sawasawa. Mtu mwenye seli kama hizi angeanguka kwa kupungukiwa sukari kabla jua halijatua.

Nimekagua kila mlinganyo. Hakuna kosa la hesabu. Nimezima kompyuta saa nane usiku.

Siku ya 16

Nimeelewa, na ni jambo zuri sana.

Nilisahau ADP. Mlango una masikio mawili. ATP huufunga, ADP iliyoshikana na magnesiamu huufungua, kwa kuvishika vile vipande vya pembeni. Mlango hausikilizi ATP peke yake. Unasikiliza mabishano ya wawili hao.

Tazama namba kwa karibu. ATP iko mikromoli 3,000. ADP iliyo huru ni makumi tu ya mikromoli. Mimi nimeweka 60. Sukari imepanda, mitokondria zimeharakisha, na ADP 30 zimegeuzwa ATP. ATP imetoka 3,000 ikawa 3,030: imeongezeka asilimia 1, na hakuna mlango duniani ungetambua. Lakini ADP imetoka 60 ikawa 30. Imepungua nusu. Sauti iliyokuwa ikisema "fungua" imekatika, na ile ya kusema "funga" imebaki bila mpinzani.

Nilipoweka mlinganyo huo na kuendesha programu, seli ikalala sukari ikiwa 3. Ikalala ikiwa 4. Ilipovuka 5 na kitu ikaanza kutikisika, na kwenye 10 ikawa macho kabisa. Nilisimama kitini. Seli ya beta ya kweli nayo huanza kuamka kwenye milimoli 5 hivi.

Siku ya 17

Kalsiamu. Utando ukipanda hadi karibu na milivolti 50 chini ya sifuri, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia kwa fujo, na vifuko vya insulini huungana na utando na kumwaga kilichomo. Seli moja ina vifuko kama 10,000, na ndani ya kila kimoja insulini imepangwa kama fuwele, molekuli sita sita zikiwa zimeshikana na zinki.

Nilipoteza nusu siku kwa kuwa mlango mmoja ulikuwa unahesabu kwa sekunde na mwingine kwa dakika. Nimesahihisha.

Kitu kimoja cha kuweka akiba: kalsiamu hiyohiyo huingia pia mitokondria, kupitia tundu ambalo protini yake ilitambuliwa mwaka 2011, na ikiwa ndani huchochea vimeng'enya kadhaa vya mzunguko wa Krebs. Yaani seli ikishaamka, humwambia mitokondria "endelea kuchoma, tuna kazi".

Siku ya 20

Nilikuwa natafuta ushahidi wa hoja ya siku ya 9, kwamba seli hii haiijui sukari kwa sura, bali husoma kile mitokondria inachochoma. Nimeupata mahali ambapo sikutarajia.

Wapo watu wachache ambao, kwa hitilafu ya kurithi, seli zao za beta hutengeneza kile kibebeo cha laktati na piruvati ambacho kwa kawaida huwa kimezimwa. Maelezo ya hitilafu hiyo yalitolewa mwaka 2007. Mtu huyu akifanya mazoezi makali, misuli yake humwaga piruvati na laktati kwenye damu. Piruvati huingia seli za beta, mitokondria huichoma, ADP hushuka, mlango hufungwa, na insulini humwagwa. Wakati wa mazoezi! Sukari yake ikiwa haijapanda hata kidogo! Anaishiwa sukari na kuanguka.

Seli haikukosea hesabu. Ilisoma ilichopewa. Ndiyo maana seli ya kawaida imeufunga mlango huo kwa nguvu zote: asiyeweza kutofautisha ladha lazima achague kwa makini kinachoingia mdomoni.

Siku ya 23

Leo nimeanza kuvunja vitu. Kila mfano unafundisha zaidi ukiharibika.

Glukokinasi sijaigusa. Milango sijaigusa. Nimepunguza tu uwezo wa mnyororo wa elektroni, kidogo kidogo. Mwanzoni hakuna kilichotokea, seli ilijikaza. Halafu kizingiti kikaanza kusogea: seli iliyokuwa ikiamka kwenye 5 ikasubiri 7, kisha 9. Nilipozidisha, ikalala hata kwenye 15. Sukari imeijaa ndani na nje, na yenyewe haina habari.

Kwenye maabara jambo hili limefanywa kwa seli za kweli. Mitokondria ina DNA yake, duara dogo la herufi 16,569 lenye jeni 37, na 13 kati ya jeni hizo ni za protini za mnyororo wa elektroni na kinu cha ATP. Wanasayansi waliifuta DNA hiyo kwenye seli zinazotoa insulini. Seli zikawa hai, lakini ukizipa glukosi hazijibu. Ukiziamsha kwa potasiamu, bila kupitia mitokondria, hutoa insulini. Vifuko vilikuwepo na vimejaa, ila habari haikufika. Mwaka 2000 ilionyeshwa pia kwa panya: ukiondoa protini inayoitunza DNA ya mitokondria kwenye seli za beta pekee, panya hupata kisukari wakiwa bado wadogo.

Na ipo kwa binadamu. Herufi moja, ile ya 3243, ikibadilika kutoka A kuwa G, huharibu kifaa cha kutafsiri jeni za mitokondria. Mwaka 1992 kosa hili lilihusishwa na kisukari kinachotoka kwa mama, kikiandamana na kupoteza usikivu. Kwa mama tu, kwa sababu mitokondria zetu zote hutoka kwenye yai. Mara nyingi hujitokeza mtu akiwa kwenye miaka ya thelathini na kitu au arobaini, na kwa kuwa si mtoto, huhesabiwa kuwa na aina ya 2 kama wengine. Ndugu wawili wenye kosa hilohilo wanaweza kuwa tofauti kabisa, kwa kuwa kila seli ina mchanganyiko wa DNA nzima na mbovu, na mgawanyo wake ni wa bahati. Kumtambua kuna maana: madaktari wengi huepuka kumpa mgonjwa huyu metformini, dawa ya kawaida ya kisukari, kwa kuhofia laktati kurundikana. Nasema hivi kwa uzito: ukiona kisukari na uziwi vinafuatana upande wa mama kwenye ukoo, mtajie daktari.

Dada hana dalili hizo, nilimuuliza. Kisukari chake ni kile cha wengi, ambacho mwili hauisikii insulini vizuri na seli za beta hulazimika kufanya kazi ya ziada mwaka hadi mwaka. Lakini hata huko mitokondria zimo. Vijisiwa vya watu wenye kisukari cha aina ya 2 vilipotazamwa kwa hadubini ya elektroni, mitokondria zilikuwa zimevimba, na ukiviongezea glukosi, ATP haipandi inavyostahili. Seli ya beta pia ina kinga ndogo mno dhidi ya mabaki makali ya oksijeni yanayovuja mnyororo unapofanya kazi kupita kiasi. Kataleza, kimeng'enya cha kuyazima, ndani yake ni haba. Kiungo kilichojengwa kichome bila kuchagua, kisha kikanyimwa maji ya kuzimia moto. Hilo limeniuma nilipolisoma.

Siku ya 30

Ile alama ya siku ya 9 imerudi.

Insulini ya kweli hutoka kwa awamu mbili: mmiminiko wa dakika chache za mwanzo, kisha mtiririko unaoendelea muda wote sukari ikiwa juu. Seli yangu inatoa wa kwanza vizuri. Wa pili ni mwembamba mno.

Mwaka 1992 kulifanyika jaribio la ujanja. Milango ya potasiamu ililazimishwa kubaki wazi kwa dawa ya diazoksaidi, kisha seli zikaamshwa kwa potasiamu nyingi nje, ili kalsiamu iingie kwa kiwango kilekile sukari iwe juu au chini. Mlango haukuwa na la kusema tena. Na bado, sukari ilipoongezwa, insulini iliongezeka. Ipo njia ya pili, inayoongeza sauti baada ya njia ya kwanza kuwasha redio.

Njia hiyo nayo hupita mitokondria. Ile nusu ya piruvati inayojaza mzunguko husababisha ziada ya sitrati na malati, na hizi hutoka nje ya mitokondria na kuzalisha NADPH na ishara nyingine. Wapo wanaotaja glutamati, wapo wanaotaja GTP ya ndani ya mitokondria, na mabishano hayajaisha. Mimi nimeweka kigezo kimoja kinachobeba wote, kikipanda pamoja na mzunguko wa Krebs. Mtiririko wa pili ukanenepa. Sijaridhika nacho, lakini ni mwaminifu zaidi kuliko kuchagua mmoja nikajifanya nina uhakika.

Siku ya 34

Dada amekuja. Nimemkalisha mbele ya kompyuta, nimempa vitufe viwili vya kuburuta: kimoja sukari, kingine afya ya mitokondria. Hakuhitaji maelezo marefu. Alipandisha sukari, akaona ADP ikishuka, mlango ukifungwa, kalsiamu ikiingia, insulini ikitoka. Akarudisha. Akapandisha tena. Halafu akashusha afya ya mitokondria hadi nusu, akapandisha sukari taratibu, akingoja seli iamke. Kwenye 7 kimya. Kwenye 8 kimya.

"Hii ndiyo mimi," akasema.

Nikamwambia si hivyo hasa, yake ina mambo mengi zaidi. Akaniambia anajua, nisimkatishe.

Kisha akauliza kuhusu kidonge chake cha asubuhi, glibenklamaidi. Sikuwa nimekiweka, lakini kilihitaji mistari mitatu tu, kwa sababu dawa za kundi hilo hushika vile vipande vinne vya pembeni vya mlango wa potasiamu na kuufunga moja kwa moja. Historia yake inavutia: mwaka 1942 huko Montpellier, Ufaransa, Marcel Janbon aligundua kwamba wagonjwa wa homa ya matumbo waliopewa dawa fulani ya salfa walikuwa wanaishiwa sukari. Ilipita miaka 40 na zaidi kabla ya mlango wenyewe kujulikana. Na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba watu wengi waliozaliwa na mlango usiosikia ATP, waliokuwa wakiishi kwa sindano tangu uchanga, wangeweza kuacha sindano na kumeza vidonge hivi.

Nikaongeza kitufe cha tatu. Dada akakiburuta. Mitokondria ikiwa bado nusu, sukari ikiwa 8, seli ikaamka na insulini ikatoka. Akatabasamu. Halafu, bila kuambiwa, akashusha sukari: 6, 5, 4. Insulini ikaendelea kutoka. Akafika 3. Bado inatoka.

"Haijazima," akasema.

"Kidonge kinafunga mlango chenyewe, dada. Hakiulizi mitokondria."

Alinyamaza kidogo, kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Miaka yote amekuwa akiambiwa asimeze kidonge hicho kisha akaruka mlo, na siku mbili tatu aliruka, akatetemeka na kulowa jasho hadi akaogopa. "Sasa ndiyo naelewa," akasema. Kisha akaomba nimwekee alama nyekundu kwenye grafu chini ya 4, ili mtu mwingine akicheza na vitufe hivi aione kabla hajafika huko.

Nimeiweka usiku huuhuu. Kesho naigawa seli iwe na mitokondria mia moja, nzima na mbovu zimechanganyika, ili ile herufi ya 3243 ionekane inavyocheza na bahati.